Bastola ndogo ya kubeba kila siku: ugomvi wote uko kwenye mpini

Weka bastola mbili mezani, moja ya kujaza kiganja na nyingine ya kuzama mfukoni, kisha mwulize mtu angependa kubeba ipi kutwa nzima. Mkono utaenda kwenye ndogo kabla mdomo haujajibu. Mtu huyohuyo mpeleke uwanja wa shabaha, apige risasi 50 kwa kila moja, umwulize tena. Sasa atakuwa anasugua kiganja, na ile ndogo ataiangalia kwa jicho jingine.

Mabishano yote ya bastola za kubeba kwa kificho yanaishi kati ya majibu hayo mawili. Kinachonishangaza ni jinsi wabishi wengi wanavyokimbilia mambo mengine, kipenyo cha risasi, idadi kwenye magazini (kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini), jina la kiwanda, wakati jibu limelala pale wanaposhikia.

Tujue kwanza tunazungumzia nini. Upande wa vidogo kabisa kuna aina ya Ruger LCP, iliyotoka mwaka 2008: haifiki gramu 300 ikiwa haina risasi, inatumia risasi ya .380, yenye nguvu ndogo kuliko ya milimita 9, na inabeba 6 kwenye magazini. Upande wa pili kuna Glock 19, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988 kama toleo lililofupishwa la bastola ya kijeshi. Hiyo ina mtutu wa milimita 102, risasi 15 za milimita 9, na ikijazwa inakaribia gramu 850. Katikati ndipo soko lilipohamia baada ya SIG Sauer kuleta P365 mwaka 2018. Unene wake ni kama milimita 25 tu, uzito kama nusu kilo ikiwa tupu, na bado ikaingiza risasi 10 mahali ambapo bastola nyembamba za kabla yake zilikuwa zinatosheka na 6 au 7.

Wanaotetea ndogo wana hoja moja kubwa, na ni nzito kweli. Bastola iliyobaki kabatini haimlindi mwenyewe. Siku ya kwanza mtu anavaa ile kubwa kwa moyo wote, mkanda mpya, ala mpya, shati limelegezwa. Akikaa kwenye gari mpini unamchoma ubavuni. Akiinama kufunga kamba za viatu shati linapanda mgongoni na chuma kinachungulia. Akiingia chooni anaanza kujiuliza aiweke wapi, na hapo pasiwe na mzaha, kwa sababu bastola zimesahauliwa vyooni mara nyingi kuliko wenyewe wanavyokubali kusema. Wiki ya pili anatoka bila hiyo kwa sababu anakwenda mara moja tu kurudi. Mwezi ukiisha, bastola imekuwa mali ya kabati. Mwenye LCP huko mfukoni bado anayo, na kidogo si haba.

Sibishani na hilo. Ninachobisha ni hatua inayofuata, pale mtu anaposema kwamba kwa kuwa ndogo inabebeka, basi ndogo inatosha.

Bastola ina teke, na teke halidanganywi na umbo zuri. Risasi ileile ikipigwa kwenye bastola yenye nusu ya uzito, nishati inayorudi mkononi inakuwa kama mara mbili. Wepesi ulioufurahia kiunoni unaulipia kiganjani. Ongeza mpini mfupi: vidole viwili vimeshika, cha mwisho kinaning'inia hewani hakina kazi. Mdomo wa bastola unaruka, mshiko unalegea, na kabla ya risasi ya pili lazima ushike upya. Vilengeo navyo vimekaribiana, hivyo kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa mita 3 huenda usione tofauti. Kwa mita 10 karatasi itakuambia.

Kuna jaribio moja ambalo wakufunzi hulipenda. Risasi ya bandia, isiyo na baruti, inachanganywa katikati ya magazini bila mpigaji kujua ni ya ngapi. Zamu yake ikifika, kifyatulio kinavutwa, hakuna mlipuko, na hapo kila mtu anaona mdomo wa bastola ukiinama wenyewe kama mtu aliyesinzia kwenye kiti. Mkono ulikuwa umeshaanza kupigana na teke ambalo halijaja. Na tabia hiyo inajengwa haraka zaidi na bastola nyepesi, kwa sababu kila risasi ni adhabu. Anayeumia hafanyi mazoezi. Asiyefanya mazoezi amebeba kitu ambacho hajui risasi zake zitaenda wapi, na risasi isiyompata mlengwa haipotei hewani, inatafuta ukuta au mtu mwingine.

Ndiyo maana desturi ya kumpa mgeni wa silaha bastola ndogo kuliko zote, hasa kumwambia mwanamke kwamba hii ndiyo saizi yake, ni ushauri mbaya unaovaa nguo za hisani. Bastola ndogo ni ya mzoefu. Hata kuikoki ni kazi: slaidi, kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, ikiwa fupi na nyepesi inahitaji springi ngumu ili mashine ifanye kazi, na vidole vina mahali padogo pa kushika. Mwenye mikono dhaifu, mzee au mtu mwenye maumivu ya viungo, mara nyingi ataikoki bastola kubwa kidogo kwa urahisi zaidi. Smith & Wesson walilitambua hilo walipotoa Shield EZ mwaka 2018, bastola ya .380 ambayo si ndogo hata kidogo kwa risasi hiyo, na faida yake yote ni kwamba slaidi inavutika bila kukunja uso.

Sasa tuje kwenye mpini wenyewe.

Bastola ikiwa ndani ya suruali, mtutu umeelekea chini na hakuna anayeuona. Milimita 20 za ziada huko chini hazimsumbui anayetazama, na mara nyingine zinasaidia, kwa sababu mtutu mrefu kidogo unaegemea mwili chini ya mkanda na kuzuia sehemu ya juu isipinduke kwenda nje. Kinachochora shati ni mpini. Ndio unaotokeza juu ya mkanda, ndio unaochomoza nyuma ukigeuka, ndio unaokukaa ubavuni ukiketi. Na ndio huohuo unaokupa udhibiti. Sehemu ngumu kuficha na sehemu inayokufanya upige vizuri ni sehemu moja. Hakuna fundi aliyepata kuitenganisha.

Ukilielewa hilo, matoleo ya viwanda yanasomeka kirahisi. Glock 26 ya miaka ya 1990 ilikata vyote viwili, mtutu na mpini, ikabaki nene kama zamani. Inafichika vizuri, ila kidole cha mwisho hakina pa kukaa. Glock 43X ya mwaka 2019 ikafuata njia tofauti: slaidi fupi, mpini mrefu lakini mwembamba. Unajaza kiganja, na wembamba unasaidia kuficha, ingawa urefu wa mpini bado utaonekana kwa aliyevaa fulana ya kubana. SIG nao mwaka huohuo wakairefusha P365 kidogo, wakaiita XL, ikapata risasi 12. Kila kiwanda kimerudi kuongeza milimita chache za mpini baada ya kuzikata. Nadhani hiyo inasema jambo kuliko matangazo yao.

Kwa kipenyo sitatumia muda mrefu, japo ndicho kinachopigiwa kelele zaidi. Aprili 1986, Miami, maofisa wawili wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, waliuawa katika mapambano na majambazi wawili. Risasi moja ya milimita 9 iliyompata mmoja wa majambazi mapema iliishia karibu na moyo bila kuufikia, naye akaendelea kupigana. Shirika hilo likaanza kupima risasi kwenye jeli maalumu, likitaka zizame angalau sentimita 30, likahamia kwenye milimita 10, kisha .40, iliyopungua nguvu kidogo. Miaka ikapita, risasi zenyewe zikaboreshwa, na mwaka 2016 FBI wakaingia mkataba wa Glock za milimita 9, wamerudi walipotoka. Sababu zao hazikuwa za ajabu: risasi za kisasa za milimita 9 zinazama vya kutosha, teke ni dogo, na maofisa wanapata shabaha zaidi.

Kwa mnunuzi wa bastola fupi kuna nyongeza moja tu. Risasi zenye tundu mbele zinategemea kasi ili zitanuke, na mtutu mfupi unapunguza kasi. Ya .380 kutoka mtutu wa milimita 70 iko kwenye ukingo: ikitanuka pengine haizami vya kutosha, ikizama pengine haikutanuka. Ya milimita 9 ina nafasi zaidi ya kukosea. Ukiweza kuivumilia milimita 9, ichukue. Ukishindwa, .380 unayoipiga pale unapotaka ni bora kuliko milimita 9 unayoiogopa.

Rivolva ndogo, bastola za silinda inayozunguka, zile za risasi 5 ambazo Smith & Wesson wamezitengeneza tangu 1950, bado zina watu wake. Hazina slaidi ya kuvuta wala magazini ya kugoma, na yenye nyundo iliyofichwa ndani haikwami kwenye kitambaa cha mfuko. Lakini kifyatulio chake ni kizito, vilengeo ni kama mchoro tu, na kuipiga vizuri ni ufundi wa miaka. Wanaoiita rahisi wanamaanisha rahisi kueleza.

Suala la kubeba bastola ikiwa na risasi ndani ya chemba, yaani imeshakokiwa tayari kupigwa, limegawa watu zaidi, na hapa pande zote mbili naziheshimu. Mmoja anasema bastola isiyo na risasi kwenye chemba inadai mikono miwili wakati mkono mmoja huenda unamzuia mshambuliaji au umemshika mtoto. Ni kweli. Mwingine anasema yeye hana saa za mazoezi za kumfanya aaminike na bastola iliyo tayari. Hilo nalo ni kweli, na ni ungwana kulikiri. Ila wa pili anapaswa kujiuliza swali lililo nyuma yake: kama hajiamini nayo tayari, anajiamini nayo kivipi mbele za watu?

Sefti ya kidole, kile kizuizi cha kufungia bastola isifyatuke, ni vivyo hivyo. Kwa aliyeizoea ni kinga, kwa asiyeizoea ni kitu cha kusahau palepale anapokihitaji. Chenye uzito kuliko sefti ni ala. Bastola nyingi za leo hazina cha kuzuia risasi zaidi ya kifyatulio kutoguswa, kwa hiyo ala lazima iwe ngumu, ikifunike kifyatulio chote, na ibaki mdomo wazi bastola ikitolewa ili isilazimishwe wakati wa kurudi. Kurudisha ndiyo dakika ya hatari: pindo la shati au kamba ya jaketi ikiingia mbele ya kifyatulio, inavuta kama kidole. Hakuna mashindano ya kurudisha. Tazama, kisha irudishe polepole. Na bastola isiyo na ala, imetupwa mfukoni pamoja na funguo, usiite imebebwa.

Mkoba wa begani una shida yake pekee, kwamba unaachana na mwili. Desemba 2014, katika mji wa Hayden, jimbo la Idaho, mtoto wa miaka 2 aliingiza mkono kwenye mkoba wa mama yake dukani, akaikuta bastola, mama akafa. Mkoba ule ulikuwa na sehemu maalumu ya silaha. Sijasikia hoja ya urahisi inayonitosha mbele ya tukio hilo.

Wapo watakaosema mjadala huu wote umerukia mbali, kwamba swali la kwanza ni kama mtu abebe kabisa. Wana haki. Mwenye hasira za karibu, anayekunywa, anayepita kipindi kizito cha moyo, asibebe saizi yoyote. Na sheria ina neno kabla ya ladha: kuna nchi ambako kubeba kwa kificho hakupo hata kwa mwenye kibali cha kumiliki, na kuna majimbo ya Marekani yasiyoruhusu magazini ya zaidi ya risasi 10, hivyo ubishi wa 10 au 15 umeshakatwa kabla hujafika dukani.

Kwa aliyepita vichujio hivyo, mimi ningeanza na mpini unaobeba vidole vyote vitatu chini ya kifyatulio, mwembamba kadiri unavyopatikana, kisha ningeshuka saizi kwa shida, nikilazimishwa na mavazi au mwili. Viwanja vingi vya shabaha hukodisha bastola. Chukua mbili, karatasi moja moja, mita 7, risasi 5 za taratibu na 5 za haraka kwa kila bastola. Zikishatundikwa pamoja ukutani, ficha majina ya bastola na umwite mtu asiyekujua akuambie ni karatasi ipi angependa kusimama karibu nayo.