Sanduku Tu, Halina Hata Kitako

Nani alisema tuta la mbao, yaani fremu ya mbao unayoijaza udongo upande mboga, ni kazi ya asubuhi moja? Aje nimwone uso. Eti ni sanduku tu, halina kifuniko, halina hata kitako. Mimi niliyeshindwa kutengeneza kigoda nikasema basi, hili la saizi yangu.

Nikaanza na hesabu. Ubao wa inchi 6, mmoja juu ya mwingine, ni inchi 12, sentimita 30 hivi. Mizizi itajinyoosha kama iko kitandani. Kumbe ubao wa inchi 6 ni wa inchi 6 kabla haujapigwa randa! Ukishapigwa unabaki inchi 5 na nusu, na ile nusu iliyoliwa umeilipia. Tuta langu likawa fupi kabla hata sijashika nyundo.

Jirani yangu, ambaye katika maisha yake hajanisaidia kitu ila ushauri, akaegemea ua. "Jirani, upana usizidi mita 1.2. Mkono unafika sentimita 60. Sitini huku, sitini kule, umemaliza." Nikaona huo ni wivu. Nikapiga mita 1.8. Kiwanja changu, mbao zangu, nijibane kwa nini?

Akaona haitoshi. "Zipake oili chafu basi, mchwa hawatagusa." Hapo akili ilikuwepo kidogo. Oili ya injini ichuruzike kwenye udongo, halafu mimi nile karoti yenye harufu ya gereji? Mchwa wale mbao, mimi nile mboga, kila mtu na sahani yake.

Msumari wa kwanza ukapasua ubao. Wa pili nao. Wa tatu ndio ulionikumbusha kwamba watu hutoboa kwanza kwa drili, tena si pale ukingoni kabisa. Pembe nilizipima kwa jicho, maana jicho ni langu na naliamini. Sanduku la 1.8 kwa 2.4 likinyooka, kutoka kona hadi kona unapata mita 3 kamili, pande zote mbili. Langu lilitoa 3.04 huku na 2.96 kule. Wastani ni 3. Nikajipa maksi zote.

Mama watoto akatoka, akaliangalia kwa muda mrefu.

"Baba watoto, jeneza la nani hilo?"

"Ni tuta la mboga."

"Sawa. Maana marehemu angelikataa, limekaa upande."

Haya, udongo. Jamani, udongo! Hili ndilo jambo wanalokuficha. Unaliangalia sanduku tupu unasema toroli tatu, nne, basi. Piga hesabu: 1.8 mara 2.4 mara sentimita 28 zilizobaki baada ya randa, ni lita 1,200 na ushee. Toroli langu likijaa vizuri linabeba lita 60. Gawanya mwenyewe, mimi niligawanya kwa mgongo. Toroli la tano bado nilikuwa napiga mluzi. La tisa nikanyamaza. La kumi na nne gurudumu lilianza kulia, nikalisikiliza kwa huruma kwa sababu lilikuwa linasema ninachohisi. La ishirini nililimwaga nimekaa chini.

Nikamwagia maji. Udongo ukashuka vidole vinne mbele ya macho yangu, kama mtu aliyeshusha pumzi. Halafu ule uzito wote ukaegemea mbao, na zile ndefu zikatoa kitambi katikati, kwa sababu sikuzichimbia vigingi vya kuzizuia. Jirani alikuwa amesema vigingi. Nilijifanya sisikii.

Chini, kabla ya udongo, nilikuwa nimetandika maboksi. Magugu yakikosa mwanga yanakufa, ndivyo inavyosemwa. Na ni kweli, mengi yamekufa. Ila ndago hana habari. Ndago ana ncha kama sindano, ametoboa boksi, akapanda sentimita 28 za udongo nilioubeba mimi, akachomoza kijani kibichi, mnene, amenenepa kwa samadi yangu.

Tena kachomoza katikati kabisa. Nimejaribu upande huu, nikajaribu ule. Nimelala kifudifudi juu ya ubao wenye kitambi, mkono nimeunyoosha mpaka bega linalia. Bado sentimita 30. Na pale uani namsikia mtu anakohoa kikohozi cha anayetaka kutoa ushauri.