Beki mwingine wa Simba kapewa thenkyu

Juzi kijiweni, dogo mmoja kavaa jezi mpya nyekundu, kaniambia, "Mzee wangu, waache wazee waende. Nyuma tunataka damu changa." Nikamwomba anitajie mabeki wetu wa kati wa msimu wa 2022/23. Akaangalia kikombe.

Joash Onyango na Henock Inonga, dogo. Msimu uliofuata Onyango hayupo, Inonga anasimama na Che Malone. Uliofuata tena, Inonga yuko Morocco, Che Malone anasimama na Abdulrazack Hamza. Hao wakatufikisha fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2025, ingawa kule Berkane, Morocco, tulipigwa mbili ndani ya robo saa. Dirisha la usajili likafunguliwa, Che Malone naye huyoo. Hamza huyo tunayemtaka akomae, atakomaa na nani?

Nimecheza beki kwenye ndondo, mechi zetu za mtaani. Pembeni yangu alikuwepo fundi seremala ambaye umri wake tulikuwa tunaukisia tu. Mbio hana, pumzi hana. Kazi yake kusema. "Mgongoni!" "Tulia." "Panda, panda!" Kisha ananyoosha mkono mmoja juu, na straika wao kaotea. Nami kwa ujinga wa miaka kumi na tisa nikaamini kitasa, beki asiyepitika, ni mimi. Siku aliyosafiri kwenda msibani kwao tulikula tano, na sijawahi kukimbia uwanjani kama siku ile.

Ndiyo maana la Tshabalala, beki wetu wa kushoto, kuhamia kwa watani Yanga 2025 bado linanichoma. Usaliti sijui nini, hayo waachie watu wa redio. Miaka 11 Msimbazi, nyumbani kwa Simba, tangu 2014 alipotoka Kagera Sugar, na minane kati ya hiyo yuko na Kapombe upande wa pili. Huyu akipanda, yule anajua abaki, bila hata kuitana. Kitu hicho unakinunua dirisha gani? Faida wakaila akina Job wa Yanga.

Na kwa kuwa nimewataja, ngoja nimeze shubiri kabisa. Beki wao Yondani alipoondoka kwa watani 2020, tulicheka. Wakamleta Mwamnyeto kutoka Coastal Union. Januari 2021 Job kutoka Mtibwa, tukamcheka ufupi. Januari 2022 Bacca kutoka KMKM ya Zanzibar, tukauliza huyo nani. Mmoja mmoja, na kila aliyeingia alimkuta mwenyeji wa kumwelekeza. Halafu wakaachwa wazoeane! Msimu ule wa 2021/22 walimaliza ligi bila kufungwa mechi hata moja. Nimeandika hiyo sentensi nimekunja uso.

Najua, ofa nono ikija huwezi kumfunga mtu kamba. Lakini si kila mwaka, jamani, na si wawili kwa mpigo.

Dogo alipoinuka kulipa kahawa nikaona mgongo wa jezi yake. Hakuna Hamza wala Kapombe. Kaandikisha jina lake mwenyewe. Sikumlaumu.