Programu Imesema Sawa

Nyie mnaouza vitu vinavyoonekana nawaonea wivu, wallahi. Mtu anauza samaki pale Deep Sea, samaki akioza ananuka. Mteja anajua, muuzaji anajua, hata paka anajua. Mimi natunza modeli za mabomba ya maji, yaani mtandao wa maji uliochorwa ndani ya kompyuta ili ipige hesabu zake, katika ofisi moja hapa Tanga. Modeli ikioza hainuki. Inafunguka vizuri, rangi zinang'aa, na pembeni kuna kialama cha kijani kinachosema mambo yote sawa.

Bosi kanunua programu mpya. Ya hela, ina leseni, na leseni ina kidude chake cha kuchomeka kwenye kompyuta ambacho kikipotea itabidi tuuze gari la ofisi. Kaja mezani kwangu anatabasamu. "Kaka, ile modeli ya zamani ya mtandao wa maji, ifungue humu. Mchana nina wageni."

Mchana! Muda huo ilikuwa saa nne na mahamri yangu sijayagusa.

Faili lenyewe aliliacha mzee wetu mstaafu, sisi tunamwita Babu Valvu. Liko kwenye CD iliyopigwa na hewa ya bahari mpaka ikaota madoa. Ndani kuna mafaili matatu: "Chumbageni mpya", "Chumbageni mpya mpya", na "Chumbageni ndo hii". Nikachagua "ndo hii". Programu ya bosi ikaligomea hapohapo, haikutaka hata kuliona.

Nieleze kidogo. Babu Valvu alijenga modeli yake kwa EPANET. Ni programu ya bure, ya shirika la serikali ya Marekani linaloshughulikia mazingira. Toleo la kwanza lilitoka 1993, la pili 2000, na hilo la pili ndilo tuliloota nalo mvi. Unachora mabomba, matanki na pampu, unaiambia watu wanatumia maji kiasi gani, nayo inakupa presha ya kila kona saa baada ya saa. Bure kabisa, na ndiyo maana bosi haipendi. Kitu cha bure hakina risiti.

Sasa EPANET inahifadhi kazi kwa namna mbili. Kuna .net, ambayo inaelewa yenyewe tu. Ukiifungua kwenye Notepad unaona vijidudu. Na kuna .inp, maandishi matupu, hata karani wa masijala anasoma. Programu ya mamilioni inataka .inp. Babu kaacha .net. Kwa hiyo ili kuifungulia ile ya hela, ikabidi nipakue kwanza ile ya bure, nifungue faili humo, nilitoe upya kama .inp, ndipo mheshimiwa akubali kulionja. Bosi akapita nyuma yangu.

"Hiyo ya bure unaifanyia nini tena?"

"Inamtafunia mwenzie, bosi."

Hakucheka. Wanaosaini hundi hawachekagi.

Kukubali ndiko kulikoniumiza. Ile ya hela ikauliza kwa adabu kama tutumie mipangilio inayopendekezwa. Dogo wetu wa field, ambaye kidole chake kinatangulia akili kwa mwendo wa bodaboda, akabonyeza ndiyo kabla sijamaliza kumeza hamri. Kialama cha kijani kikawaka. Dogo akapiga makofi. "Bro, imefunguka!"

Imefunguka, eeh. Babu Valvu ni mtu wa inchi, futi na galoni. Programu inapendekeza lita kwa sekunde. Na katika EPANET ukichagua lita, kila kitu kinahamia huko: vipenyo vinakuwa milimita, urefu na miinuko vinakuwa mita. Lakini namba hazibadiliki! Zinabaki zilezile, zinapewa tu jina jingine. Kitabu chake cha maelekezo kinaonya kabisa kwamba ukibadili kipimo cha mtiririko uwe mwangalifu, data nyingine zitaguswa. Hii ya hela nayo ikafanya vilevile, bila hilo onyo. Basi bomba la inchi 6, ambalo ni kama milimita 150, likawa bomba la milimita 6. Barabara ya Nane yote, pale Ngamiani, inakunywa kwa mrija wa juisi. Nyumba iliyokuwa futi 60 juu ya bahari ikapanda mpaka mita 60. Chumbageni ikawa mlimani, bado kidogo tununue masweta kama watu wa Lushoto.

Haikuishia hapo. Ukwaru wa mabomba, yaani ndani yana makwaruzo kiasi gani ya kuyazuia maji. Babu alitumia kanuni ya Hazen-Williams ya kukokotoa presha inayopotea njiani, ambayo humo namba ikiwa kubwa maana yake bomba ni laini. Plastiki unaiandikia 140 mpaka 150. Programu mpya inapendekeza kanuni nyingine, Darcy-Weisbach, ambayo namba hiyo ni kimo cha makwaruzo ya ndani kwa milimita, na kwa plastiki ni kipande kidogo mno cha milimita, hata kucha haihisi. Ikachukua 140 ya babu ikaiweka hivyohivyo. Piga picha: bomba la milimita 6 lenye makwaruzo ya milimita 140 ndani yake. Makwaruzo yametoka nje ya bomba yamekwenda kusalimia jirani. Na programu imesema sawa!

Ningeipenda programu inayotukana. Inayosema, "We baba, una akili timamu? Bomba gani hili?" Hii yetu imelelewa kwenye familia ya watu wa ndiyo mzee.

Tukairani. Ikamaliza, ikaandika imefanikiwa, halafu chini kabisa, kwa maandishi ya sisimizi, onyo: kuna presha hasi, yaani chini ya sifuri, maji hayawezi kufika. Hasi kiasi gani? Presha humo inapimwa kwa mita za maji, na sehemu nyingine ni hasi mita maelfu kwa maelfu. Na bado kila nyumba imeandikiwa imepata maji yake yote! Hesabu hizi tangu zamani zinafanywa hivyo: unaiambia modeli mtu anahitaji lita kadhaa, inampa, presha iwepo isiwepo. Katika EPANET, toleo la 2.2 la mwaka 2020 ndilo lililoleta njia nyingine, ambayo presha ikishuka na maji yanapungua. Lakini lazima uichague mwenyewe. Usipochagua, mke wangu anaendelea kuhesabiwa amepata maji saa kumi na moja alfajiri, huku amesimama na ndoo tupu ananiuliza mimi kazini huwa nafanya nini.

Bosi akaja kuchungulia. "Rangi nzuri. Wageni wataipenda."

"Bosi, maji yanakwenda hasi."

"Yanakwenda, lakini?"

Nikaomba ruhusa nikamwone Babu Valvu. Sababu nyingine ni kwamba ramani ya nyuma ilikuwa imepotea. Picha ya ramani haikai ndani ya modeli, kinachokaa ni njia ya kuifikia tu, na njia ya babu ilielekea kwenye folda la kompyuta ya Windows XP ambayo nadhani sasa hivi ni sufuria mahali fulani. Bila ramani una vidoti vinaelea kwenye weupe, na majina ya vidoti ni ya babu mwenyewe: KWA_MAMA_KACHORI, MWEMBE_MKUBWA, KONA_YA_MBISHI. Mwembe ulishakatwa. Mama Kachori kahamia Pongwe kwa binti yake. Mbishi ni nani, kila niliyemuuliza alinitajia mtu mwingine.

Nikachukua baiskeli hadi Makorora. Nikamkuta barazani na kahawa yake na wenzie, bao limepamba moto.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Wazima huko? Mmeshaniharibia modeli?"

"Babu, vipimo vyako vya wapi, inchi au milimita?"

Akaweka kete chini. Wazee wote wakaniangalia. "Niliandika."

"Wapi?"

"Juu kabisa. Kwenye kichwa cha faili. We huwa unasoma kitabu kuanzia katikati?"

Nikarudi mbio. Nikafungua ile .inp kwenye Notepad, na kweli, juu kabisa, kwa herufi kubwa: VIPIMO NI GALONI, INCHI NA FUTI. MSIGUSE. Na kila penye nukta-mkato, ambapo EPANET inaruhusu mtu kuandika maelezo, babu kaandika yake. "Hili lilibadilishwa, aliyebadilisha hakuniambia." "Valvu hii imefungwa tangu enzi, msiifungue, waulizeni majirani." "Hapa ni kwa Mbishi, mwenye duka la spea za baiskeli." Historia ya mji mzima! Programu ya hela ilipolifungua faili iliruka yote hayo. Ilichukua namba, ikaacha maneno ya kuzielewa, ikasema sawa.

Nikaenda kumlilia dada wa michoro, chumba cha pili. Akaniona mtoto. Yeye, mchoro wa DWG, yaani faili la programu ya kuchorea ya AutoCAD, ukimfikia, anaufungua kwanza kwenye Notepad anasoma herufi sita za mwanzo: AC1015 ni wa toleo la 2000, AC1032 ni wa 2018. Akishajua umri wa mgeni ndipo anamkaribisha ndani. "Na sihifadhi juu yake," akasema, "nahifadhi pembeni. Ukishauhifadhi kwa toleo jipya, mwenye la zamani haufungui tena, anakupigia simu Jumapili."

Nikaanza upya. Galoni kwanza, Hazen-Williams kwanza, dogo nimemtuma akaninunulie muda wa maongezi mbali. Presha zikarudi kuwa za binadamu. Wageni wa bosi walishaondoka zamani, tena wameondoka wamefurahi, wamepiga picha ile ya rangi, ya hasi.

Mimi nimechapa .inp yote ya Babu Valvu kwenye karatasi, pamoja na maneno yake, nikaitia kwenye faili la kadibodi na juu nikaandika INCHI kwa maka nyekundu. Karatasi haina toleo jipya. Sasa wino wa printa umekwisha, na bosi anapita chumba hadi chumba anauliza nani kachapa kitabu kizima. Akifika kwenu, mimi niko field.