Watonga wa Binga na deni la Kariba

Binga ni wilaya ya kaskazini-magharibi mwa Zimbabwe, kando ya Ziwa Kariba. Ng'ambo ni Zambia. Kabla ya bwawa la umeme la Kariba, lililolizaa ziwa hilo, mpaka huo ulikuwa mto Zambezi tu, na Watonga, wenyeji wa pande zote mbili, walivuka kwa mitumbwi kwenda kuoa, kuzika na kutambika. Walilima mashamba ya mvua, kisha wakapanda tena kwenye tope lililoachwa na mafuriko kingoni.

Bwawa lilijengwa kati ya 1955 na 1959, watu wapatao 57,000 wakahamishwa. Upande wa Zambia ya leo, katika kijiji cha Chisomo, waliokataa kuhama walipigwa risasi mwaka 1958, wanane wakafa. Wa Binga walipandishwa huko juu kwenye mchanga, mbung'o na mvua haba.

Watonga wanadai fidia kwa kuhamishwa huko, na wanaopinga madai hayo wana hoja nzito. Umeme wa Kariba umeendesha migodi na viwanda vya nchi mbili kwa zaidi ya miaka 60. Walioamua kulijenga bwawa ni wakoloni, na serikali za leo zimerithi mtambo unaoishiwa maji: mwishoni mwa 2022 kituo cha upande wa Zimbabwe kiliagizwa kusitisha uzalishaji kwa kuwa mgao wake wa maji ya mwaka ulikuwa umekwisha. Hela ya kulipa itoke wapi?

Naielewa hofu hiyo, ila aliyerithi mtambo amerithi na deni lake, na vijiji vingi vya Binga mpaka leo havina umeme. Hata ziwa lenyewe halijawafaidi ipasavyo. Mwaka 1967 na 1968 dagaa wa Ziwa Tanganyika walipandikizwa Kariba, wakaitwa kapenta. Mtu wa Kigoma angeutambua uvuvi huo mara moja: usiku taa zinawashwa, dagaa wanakusanyika, wavu unavutwa kutoka chini, asubuhi wanaanikwa. Lakini chombo chake kinataka mtaji na kibali, na Watonga wanalalamika kwamba wanaovuna wengi ni wageni.

Fidia ya mkupuo siiungi mkono. Wengi waliohamishwa wameshafariki, na fedha za namna hiyo huishia njiani. Mamlaka ya Mto Zambezi, mali ya nchi zote mbili, tayari huyatoza mashirika ya umeme kwa maji yanayotumika. Sehemu ya tozo hiyo itengwe kisheria kwa wilaya za kando ya ziwa, pande zote mbili. Mwaka wa ukame mgao utapungua wenyewe, na serikali haitadaiwa fedha ambazo maji hayakuzalisha.