Reli iling'olewa, njia ikabaki: baiskeli bila magari katika vijiji vya Ufaransa

Kutoka Givry hadi Cluny, kusini mwa Bourgogne, kuna kilomita 44 ambazo mzazi anaweza kumtanguliza mtoto wa miaka saba kwenye baiskeli yake, naye akafuata nyuma bila kumpigia kelele "kaa pembeni!" hata mara moja. Hakuna lori wala pikipiki. Pande zote ni mizabibu, baadaye malisho ya ng'ombe weupe, na kila baada ya kilomita kadhaa stesheni ndogo ya mawe ambayo treni imeshaisahau. Njia hii ilifunguliwa mwaka 1997 juu ya tuta la reli ya zamani, na ndiyo iliyoifungulia Ufaransa mlango wa kile wanachokiita voies vertes, njia za kijani. Mwaka 2004 sheria ya barabarani ikazitambua rasmi: ni za waenda kwa miguu, baiskeli na wapanda farasi, na vyombo vya moto vikae mbali.

Tangu hapo njia za namna hii zimeenea nchi nzima, na kila mkoa unataka yake. Swali langu ni kama zinastahili kuwa ndiyo sura kuu ya utalii wa baiskeli vijijini. Nazipenda, na ndiyo maana nataka tuzipime vizuri.

Tuanze na zilikotoka. Mwaka 1878 waziri wa ujenzi, Charles de Freycinet, alikuja na mpango wa kupeleka reli hadi kwenye miji midogo ya utawala. Maelfu ya kilomita yalijengwa, mengine katika mabonde ambayo hayakuwa na abiria wa kutosha hata siku ya ufunguzi. Gari na basi vilipokuja, njia hizo zilianza kufa, na baada ya shirika la reli la taifa, SNCF, kuundwa mwaka 1938 nyingi zilifungwa kwa mkupuo. Mataruma yakang'olewa, tuta likabaki. Chanzo cha pili ni mifereji. Ule wa kutoka Nantes hadi Brest, wenye urefu wa kilomita 364, uliamuliwa wakati wa Napoleon kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zimeiziba bandari ya Brest. Leo mashua za mizigo hazipo, lakini ile njia ya kando ambako farasi walikuwa wakizivuta bado ipo, tambarare, na nyumba za walinzi wa milango ya maji zimegeuka sehemu za kulala wageni.

Hoja ya kuzitetea njia hizi ni nzito. Injini ya mvuke haikuweza kupanda mlima mkali, kwa hiyo wahandisi walikata vilima, wakajaza mabonde na kutoboa mahandaki ili mwinuko usizidi takriban mita 3 kwa kila mita 100. Jasho lao limebaki kuwa zawadi kwa mtu mwenye magoti ya miaka 65, kwa mama anayevuta tela lenye mtoto mchanga, na kwa yule aliyefunga kilo 20 za hema na sufuria pande zote mbili za gurudumu la nyuma. Kwenye njia ya kijani iitwayo Dolce Via, katika bonde la mto Eyrieux huko Ardèche, unapanda milimani kwa kilomita kadhaa na unagundua umepanda pale tu unapogeuka kutazama ulikotoka. Hiyo ilikuwa reli nyembamba, yenye upana wa mita moja, iliyofungwa mwaka 1968.

Halafu kuna hofu, na hofu ndiyo inayoamua nani atoke na baiskeli na nani aiache ghalani. Zaidi ya waendesha baiskeli 200 hufa kila mwaka katika barabara za Ufaransa, na zaidi ya nusu yao hufia nje ya miji. Barabara ya kijijini inaonekana tulivu hadi gari linapotokea kwenye kona. Tangu Julai 2018 kasi katika barabara za kawaida za mashambani ilishushwa hadi kilomita 80 kwa saa, lakini mwaka uliofuata sheria ikairuhusu mikoa kurudi kwenye 90, na mingi ilirudi, angalau katika baadhi ya barabara zao. Dereva anatakiwa kuacha mita moja na nusu anapoipita baiskeli nje ya mji. Mita hiyo na nusu iko mikononi mwa mtu aliye nyuma yako, usiyemwona. Anayesema "barabara ndogo zinatosha" mara nyingi ni mtu mzima mwenye misuli, aliyezoea. Mtoto, mzee na anayejifunza hawakuulizwa.

Sasa upande wa pili. Reli ilijengwa kwa ajili ya treni, ikafuata bonde. Vijiji vingi vya Ufaransa vilijengwa kwa ajili ya ulinzi na upepo, vikakaa juu ya kilima. Chukua Taizé, kwenye njia hiyohiyo ya Givry na Cluny: njia ya kijani inapita chini kabisa, na kijiji kiko juu. Anayefuata tuta bila kuliacha anaweza kumaliza siku nzima akiwa ameona migongo ya mashamba, nguzo na miti, bila kuingia hata kanisa moja au kumsalimia muuza mikate. Mwenye duka la kijiji naye anaona vibao vya njia kwa mbali, lakini wageni hawapandi. Viongozi wengi huahidi kwamba njia italeta wateja. Italeta, iwapo kuna mtu aliyekumbuka kujenga kile kipande cha kutoka kwenye tuta hadi katikati ya kijiji, na kuweka kibao kinachosema kuna maji, mkate na chumba umbali gani. Nimewahi kuona waendesha baiskeli wakijaza chupa zao kwenye bomba la makaburini. Ni desturi ya zamani na nzuri, lakini inakuonyesha njia imepita wapi na maisha yako wapi.

Kuna pia uchovu wa mstari ulionyooka. Mwendo wa kilomita 15 bila kona, kati ya kuta mbili za miti, unachosha akili kuliko mlima. Mlima unakupa kilele na mteremko, na ukifika juu unajua umefika.

Lakini hoja inayonisumbua zaidi ni ya reli yenyewe. Ukishaweka lami juu ya tuta, umesema kwamba treni hairudi, na hilo mara nyingine si kweli. Wakazi wa Carpentras, huko Vaucluse, walipoteza treni ya abiria kwenda Avignon mwaka 1938 na wakaipata tena mwaka 2015. Katika bonde la Aspe, chini ya milima ya Pyrénées, kipande cha Oloron hadi Bedous kilichokuwa kimya kwa miongo kilianza kupitisha treni tena mwaka 2016. Yote mawili yaliwezekana kwa sababu reli ilikuwa bado chini. Na Carpentras hiyohiyo inatuonyesha sura zote mbili: upande wa Avignon kuna treni, upande wa kaskazini kuelekea Orange tuta limekuwa njia ya baiskeli iitwayo Via Venaissia.

Watetezi wana jibu lao. Mara nyingi SNCF hubaki mwenye ardhi na kukabidhi matunzo tu, kwa hiyo kisheria reli inaweza kudai nafasi yake. Jibu hilo ni sahihi katika karatasi. Katika maisha, ni diwani gani atawaambia wakazi wanaokimbia, wanaosukuma vigari vya watoto na kutembeza mbwa hapo kila jioni kwamba njia yao inafungwa? Wakati huohuo, bila njia ya kijani tuta mara nyingi halibaki likiisubiri treni. Linaliwa na vichaka, daraja linaanguka, mkulima anasogeza uzio wake. Njia ya baiskeli angalau inaliweka tuta zima, na katika mabonde ambayo kwa hakika hayatapata tena abiria wa kujaza mabehewa mawili, nasema jengeni bila kusita. Palipo na reli bado ardhini na mji wa watu wa kutosha mwishoni mwake, ngojeni kwanza.

Na barabara ndogo je? Ufaransa ina takriban kilomita milioni moja za barabara, na sehemu kubwa ni za wilaya na vijiji. Kwenye ramani za Michelin nyingi kati yake zimechorwa kwa rangi nyeupe, na watalii wa baiskeli wa zamani huziwinda hizo. La Loire à Vélo, njia maarufu ya kilomita 900 hivi hadi baharini huko Saint-Brevin-les-Pins, imetengwa na magari kwa sehemu tu. Kwingine inatumia barabara za vijijini zenye magari machache, na watu wanaipenda. Hii inanionyesha kwamba kuna kazi ya bei nafuu inayosahauliwa: kupunguza kasi kwenye barabara hizo nyeupe, kuwaelekeza madereva wanaokatiza kwa haraka wapite kwingine, na kuacha mita za kutosha kwa anayekwenda polepole.

Njia nzuri yenye lami haiwi mbali na vijiji tu. Wakati mwingine huwafungia mlango hata waendesha baiskeli wenyewe. Mwenye baiskeli ya magurudumu matatu au tela hukwama kwenye vizuizi vya chuma vilivyowekwa kuzuia pikipiki, anashuka, anafungua mizigo, anainua. Msimu wa baridi handaki la Bois Clair, karibu na Cluny, lenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, hufungwa ili popo walale kwa amani. Hilo nalikubali kwa moyo wote, kwani mtalii wa Agosti halimgusi. Linamgusa mfanyakazi wa Januari anayetaka kwenda kazini, na kwake kunahitajika njia nyingine iliyo salama pia.

Kwa hiyo nikipewa bajeti ya bonde moja, sitaongeza kilomita kumi za tuta kabla ya kumaliza kilomita mbili za kupanda kutoka stesheni ya zamani hadi shule ya kijiji. Mtalii atazipita mara moja katika likizo yake. Mtoto wa pale atazipita asubuhi na jioni, hadi amalize shule.