Kabla hujampeleka bweni mtoto mwenye usonji

Mtoto wa miaka sita asiyeweza kusema kwamba tumbo linamuuma hafai kulala bweni. Naanza na hilo kwa sababu ndugu wa Tanzania wakishajua kwamba mwanangu ana usonji (autism, hali ya ukuaji inayogusa mawasiliano na hisia za mtoto) na anasoma Uingereza, swali lao huwa moja: shule gani nzuri ya bweni tumpeleke wa kwetu? Juzi ilikuwa zamu ya wifi yangu wa Muheza. Ameambiwa na watu wanaomtakia mema kwamba bweni litamnyoosha mtoto, na yeye mama atapumzika. Nikamjibu, "Wifi, kupumzika unastahili kabisa, ila tukutafutie kwa njia nyingine."

Hapa England, tangu ilipotungwa sheria ya watoto na familia ya mwaka 2014, mtoto mwenye mahitaji makubwa huandikiwa mpango wake peke yake wa elimu, afya na matunzo. Mnaandika kitu kwa kitu: msaidizi atakaa naye saa ngapi, mtaalamu wa usemi atamwona mara ngapi kwa muhula, na mwishoni jina la shule. Shule ya serikali iliyotajwa humo haina ruhusa ya kumkataa. Usiporidhika unakata rufaa, na wazazi wanaofika mpaka hukumu hushinda karibu wote. Msidhani ni mteremko, lakini. Halmashauri imepewa wiki 20 kumaliza mpango, na mwaka 2023 karibu nusu ya mipango mipya ilipita muda huo. Nawajua akina mama walioacha kazi ili washughulikie barua tu. Tofauti ni kwamba huku barua ina meno. Nyumbani Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtambua mtoto huyu na haki yake ya kusoma, lakini mama wa Muheza hana karatasi yenye jina la mwanawe ya kumwekea mwalimu mkuu mezani.

Tulipotafuta shule tuliangalia shule maalum kwanza. Madarasa madogo, chumba cha utulivu, walimu wanaojua kazi yao. Lakini ilikuwa mbali. Watoto huchukuliwa asubuhi na teksi ya halmashauri yenye msindikizaji, wakarudishwa jioni, na mtaani hawajuani na mtu. Wapo watoto ambao bila shule ile wasingesoma kabisa, na mzazi aliyeichagua simhukumu. Wangu anapenda kukaa karibu na watoto wenzake hata kama hachezi nao. Tukachagua shule ya kawaida ya jirani yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalum ndani yake: asubuhi yuko kitengoni, somo la michezo na mlo wa mchana yuko na wenzake.

Mezani kwake kuna kipande cha kadibodi chenye picha mbili. Ya kushoto ni ya kinachofanyika sasa, ya kulia ni ya kinachofuata: hesabu, halafu bembea. Hesabu zikiisha anaibandua picha mwenyewe na kuitia kwenye bahasha. Kengele ya mapumziko inapokaribia, msaidizi wake humtoa dakika chache kabla, ili kishindo cha wenzake kisimkute koridoni. Picha ya maji imeandikwa "maji", kwa sababu hivyo ndivyo anavyoyaita, na mwalimu wake akajifunza. (Mzazi ukiwa ughaibuni ukaambiwa uache Kiswahili nyumbani ili usimchanganye mtoto, usikubali haraka. Tafiti zilizofanyika mpaka sasa hazijaonyesha kwamba lugha mbili humrudisha nyuma mtoto mwenye usonji, na bibi yake ataongea naye kwa lugha gani?)

Sasa, kadibodi ipo Muheza. Gundi ipo. Kengele inaweza kutanguliwa dakika tano popote duniani. Kilicho ghali ni yule mtu aliyekaa pembeni ya mtoto, na hapo ndipo ninapotaka fedha na kelele zetu zielekezwe.

Mfano wa kitengo nyumbani upo. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, Dar es Salaam, ni shule ya serikali na ina kitengo cha watoto wenye usonji. Walimu wa elimu maalum wanafundishwa chuo cha ualimu cha Patandi, Arusha, miaka yote hii. Tatizo ni kwamba vitengo ni vichache na ukitoka mjini unaweza kuvuka wilaya nzima usikione. Mzazi anabaki kati ya darasa la watoto themanini, ambako mwanawe atakalishwa dawati la nyuma kisha iitwe elimu jumuishi, na bweni la mbali. Naelewa kwa nini wanachagua bweni. Ila mwaka 2023 serikali yenyewe ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, ikisema wanahitaji malezi ya familia. Kama mtoto anayeweza kujieleza ameonekana bado mdogo kwa bweni, huyu asiyeweza tunamwachia nani? Akipigwa usiku hatasema. Akishikwa vibaya hatasema. Anakula wali mkavu tu, mchuzi ukiugusa hali tena, na bwenini chakula ni kimoja kwa wote.

Na bweni linamnyang'anya kile ambacho mimi huku sikipati kwa fedha wala kwa rufaa. Saa tisa na robo shule ikifungwa, kila mtu anaingia kwake na mlango unafungwa. Mwanangu hana binamu wa kumvuta mkono waende nje. Watoto wengi wenye usonji hutoka nyumbani wakaenda bila kuaga. Huku ikitokea unapiga polisi. Kwa wifi yangu, mtoto amefika mara kadhaa mpaka kwa muuza mkaa, na kila mara karudishwa amebebwa na mtu anayelijua jina lake.

Kwa hiyo nimemwambia aende kwa afisa elimu maalum wa halmashauri aulize kitengo kilicho karibu, kisha aende mwenyewe shuleni, na asiishie ofisini. Afike wakati wa mapumziko. Aangalie mtoto akiziba masikio, mwalimu anafanya nini. Aulize nani anampeleka chooni. Aulize habari ya kiboko waziwazi, maana mtoto mwenye usonji anaweza kuitwa asigeuke, na mwalimu asiyejua ataona kiburi. Mwalimu mmoja mwenye subira katika shule isiyo na jina ni bora kwangu kuliko bango kubwa la shule maalum langoni.

Nasi tulioko nje tuna sehemu yetu, kwa sababu ada nyingi za mabweni haya zinalipwa na sisi. Ndugu akituma ujumbe tunatuma fedha, tunaona tumesaidia. Fedha hiyohiyo inaweza kulipa bajaji ya asubuhi na jioni mpaka kwenye kitengo, na mshahara wa dada atakayekaa darasani na mtoto mpaka saa sita, kama mwalimu mkuu ataridhia. Mume wangu amezungumza na shemeji yake, baba wa mtoto, wamepiga hesabu pamoja. Tutatuma kila mwezi kwa ajili ya bajaji na dada. Ya bweni hatutatuma, na wifi anajua kwa nini.