Bandari si ya kampuni peke yake

Ukisema hapa Mombasa kwamba wewe ni shabiki wa Bandari, hutaulizwa timu ilicheza vipi Jumapili. Utaulizwa: "Kwani wafanya kazi bandarini?" Ukijibu la, utatazamwa kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa, kisha akaomba sahani ya pili ya pilau.

Mimi nauza nyaya na balbu Mwembe Tayari. Sijawahi kupokea mshahara wa bandari, wala baba yangu hakuwahi. Jirani yangu wa duka la pili ni Arsenal tangu enzi za Thierry Henry, na sijasikia mtu akimuuliza kama ana shangazi London. Yeye ana ruhusa ya kupenda timu ya mji ambao hajaukanyaga, anune Jumatatu nzima ikifungwa, na watu wampe pole. Mimi niliyezaliwa Majengo, nikipenda timu iliyo umbali wa tuktuk moja kutoka kwetu, ndiye ninayetakiwa kujieleza. Basi wacha nijieleze.

Hoja yao naijua kwa moyo, maana nimeisikia barazani mpaka kahawa ikapoa. "Ami, ile si timu yetu. Ile ni timu ya KPA." Na kweli, Halmashauri ya Bandari ndiyo mwenye timu. Ndiyo inayolipa wachezaji, na uwanja wa Mbaraki ni wake. Gor Mahia na AFC Leopards ni timu za wanachama. Wanachama hupiga kura, humchagua mwenyekiti, humtukana, kisha humchagua tena. Sisi wa Bandari hatumchagui mtu. Mkubwa akibadilishwa kule bandarini twasoma gazetini kama watu wengine, halafu twangoja tuone kama naye apenda mpira.

Lakini hao wenye timu za wanachama hebu waulize habari za mishahara. Gor, yenye mataji ya ligi kuliko timu yoyote nchini, imewahi kufungiwa na FIFA isisajili wachezaji kwa sababu ya madeni. Leopards vilevile. Ukimuuliza mchezaji wa ligi yetu kwa nini angependa kuja kucheza Mombasa, hataanza kukusifia bahari. Ataanza na mwisho wa mwezi. Kwa hiyo mimi sioni aibu timu kuwa ya shirika. Ninachokiogopa ni siku shirika litakapochoka.

Mwaka 2015 Bandari walipochukua Ngao ya GOtv, kombe la mtoano la Kenya, waliocheza nao fainali walikuwa Nakumatt FC. Timu ya supamaketi. Mliokuwa mkienda kununua unga Nakumatt Nyali mwakumbuka mambo yalivyokwisha: rafu zikaanza kuonyesha mbao, kisha milango ikafungwa. Timu nayo ikapewa jina jipya, Mount Kenya United, ikashuka daraja, ikapotea. Na uniambie, nani alilia? Ni mtaa gani uliosimama ukauliza timu yetu imekwenda wapi? Ilikuwa na pesa bila kuwa na mji, na pesa zilipoisha hakubaki mtu wa kuidai.

Hapo ndipo naona kazi ya shabiki wa Bandari asiyelipwa na bandari. Wafanyakazi wa KPA wataipenda kwa kuwa ni ya mwajiri wao, na hilo ni haki yao. Lakini siku mtu wa mahesabu atakapokaa na kalamu yake aulize timu hii yatuletea faida gani, jibu la walio ndani ya geti halitamshtua, kwa sababu hao amewashika kwa mshahara. La kumshtua litatoka Kisauni, Likoni, Mikindani, kwa watu ambao hawezi kuwahamisha idara.

Nani asiyeukumbuka mwaka 2019? Kama huukumbuki, nitakukumbusha, na usiponyamaza nitakukumbusha mara mbili. Kocha ni Bernard Mwalala, golini Farouk Shikhalo. Januari wakavuka mpaka kwenda Dar es Salaam kwa Kombe la SportPesa, na katika nusu fainali wakaifunga Simba 2-1. Simba, Dar es Salaam kwao! Kariobangi Sharks wakatunyang'anya fainali 1-0 na wao ndio wakapata kucheza na Everton, lakini dawa ya Sharks tulikuja kuipata miezi michache baadaye: fainali ya Ngao, 3-1, kombe likaja Mombasa. Katika ligi tulimaliza wa pili nyuma ya Gor, kama tulivyokuwa wa pili 2018. Shikhalo hata hakukaa, Yanga walimchukua mwaka huohuo.

Ile Ngao ndiyo iliyotupeleka Afrika, Kombe la Mashirikisho. Al-Ahly Shendi ya Sudan ikatolewa. Ben Guerdane ya Tunisia ikatolewa, na mtu akikwambia kuitoa timu ya Tunisia ni jambo dogo, huyo mpira huwa anautazama akiwa amelala. Horoya ya Guinea ndiyo iliyotufungia mlango tukiwa hatua moja tu kabla ya makundi.

Na hizo mechi za nyumbani zilichezwa Nairobi.

Ukumbuke mwaka wenyewe. Huo ndio mwaka serikali ilipoagiza makontena yapakiwe kwenye reli ya SGR yakatolewe Nairobi, na Mombasa ikaingia barabarani, Jumatatu baada ya Jumatatu. Wenye malori walikuwemo, na maajenti wa forodha, na vijana ambao kazi ya kupakia na kupakua ndiyo iliyokuwa chakula chao. Mji mzima ulikuwa na neno moja, kwamba bandari yetu yahamishwa mchana na sisi twatazama. Kumbe bandari zilizohamishwa ni mbili. Ya makontena tuliiandamania, na Septemba 2022 agizo lile likaondolewa. Ile nyingine yenye jezi na kocha ilipelekwa Nairobi kucheza na Waarabu na sisi tukaifuata kwa simu, na sikuona bango hata moja.

Sababu haikuwa fitina. Hatukuwa na uwanja ambao CAF, wakuu wa mpira wa Afrika, wangeukubali. Uwanja wa Manispaa ulikuwa umefungwa ujengwe upya, na tangu hapo tumesikia ahadi nyingi kuliko nyundo. Agosti 2025 Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, Tanzania iliigawia Zanzibar sehemu yake, na Senegal ikacheza na Nigeria pale Amaan. Viwanja vya Kenya vilikuwa Kasarani na Nyayo, vyote Nairobi. Wazanzibari ni watu wa bahari hii hii, wala sina husuda nao, lakini usiku ule nilipowaona kwenye televisheni wamejaa na kofia zao na kanzu zao wakipiga makofi, nilizima mapema nikaenda kulala.

Ligi ya taifa ilianza 1963. Mwaka 1965 bingwa alikuwa Feisal, timu ya Mombasa. Tangu hapo, taji la ligi halijarudi tena mjini kwetu. Wazee bado wamtaja Ali Kajo kama vile alicheza juzi, na ukiwapa nafasi watakuhamia kwa Mahmoud Abbas, yule kipa aliyeitwa Kenya One, mtoto wa Mombasa aliyeng'ara akiwa na Leopards. Mwawasikia? Hata sifa zetu zapanda gari kwenda bara. Kijana akiwa mzuri, jambo la kwanza tunalomtakia ni aondoke.

Wamarekani wana besiboli, mchezo ambao wautazama saa tatu na mimi nikiutazama dakika tano tayari nimeshampoteza mpigaji. Lakini kuna kisa chao kimoja nakijua vizuri, cha Brooklyn, upande wa New York uliokuwa umejaa gati na watu wa gati, kama Kilindini na Shimanzi. Timu yao ilikuwa Dodgers, na walikuwa wakiipenda kwa matusi na machozi, kwa sababu kila mara ilifika fainali ikashindwa. Mwaka 1955 ndipo ikatwaa ubingwa kwa mara ya kwanza. Mwenye timu, Walter O'Malley, alitaka kujenga uwanja mpya hapohapo Brooklyn, akabishana na Robert Moses, bwana mkubwa wa mipango ya mji, kuhusu kipande cha ardhi. Hawakuelewana. Msimu wa 1957 ulipokwisha timu ikahamia Los Angeles, upande wa pili wa nchi, na mwaka 1960 uwanja wao wa Ebbets Field ukabomolewa zikajengwa nyumba. Mapenzi Brooklyn yalikuwepo tele. Kilichokosekana ni kiwanja.

Ndiyo maana mtu akinipigia kelele za "mwenye timu", mimi humuuliza habari za uwanja. Mwenye timu aweza kuwa shirika, tajiri, hata serikali. Mji huishika timu yake kwa mahali ambapo watu wamezoea kukaa, kiasi kwamba kuihamisha kunaanza kuonekana kama wizi.

Kwa sasa tuna Mbaraki, na Mbaraki si haba. Ukitaka kuijua, nenda miezi ya kusi. Kipa wa wageni hupiga mpira kwa nguvu zake zote, mpira hupanda, husimama kidogo pale juu, kisha humrudia karibu na miguu yake. Utawaona wameshangaa, wa kwetu hawashangai, wao huucheza chini. Meli ikipiga honi kule majini, kuna bwana mmoja hukaa karibu na kona ambaye humgeukia kibendera na kumwambia, "Hata meli imeona si ofsaidi." Husema vivyo hivyo kila mechi na sisi hucheka kila mechi. Vijana wapita na viazi karai na ukwaju wa baridi kwenye chupa za soda. Ikifika Alasiri, wanaoswali hutoka, na bao likifungwa wakiwa nje, kazi ya waliobaki ni kuwasimulia kwa mikono na miguu mpaka pumzi ziwaishe.

Siku Gor wanapokuja hali ni nyingine. Kijani kitupu. Watoka Changamwe, watoka Likoni, watoka Chaani kwa matatu waliyoikodi, na ngoma na tarumbeta, na kwa sauti hutushinda nyumbani kwetu. Wapo wenzangu wanaokasirika siku hiyo na kuanza maneno ya "hawa wageni". Hayo siyakubali. Rafiki yangu mmoja wa Gor alizaliwa hapa hapa Mombasa, Kiswahili chake ndicho changu, na mbaazi kwa mahamri ala kunishinda. Babake alikuja zamani kutafuta kazi, akaipata bandarini, na hapo ndipo alipostaafu. Yaani karo ya huyu bwana ililipwa na bandari, lakini Gor aliirithi, na siku ya mechi huja kupiga kelele Bandari ifungwe. Mimi ambaye bandari haijanipa hata kalamu ndiye ninayepoteza sauti kwa ajili yake. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha akanijibu neno ambalo limenikera kwa sababu ni kweli. "Timu yenu nzuri," akasema, "lakini ninyi mwashangilia kama mko matangani." Hatuna nyimbo. Gor wana nyimbo za kumwita mchezaji, za kumtukana refa, za kungojea gari la kurudi nyumbani. Sisi, watu wa Muyaka, yule malenga wa kale, mji ambao mtu akikosana na jirani humjibu kwa beti, tukifika uwanjani twapiga makofi kama wageni waalikwa.

Sasa kuna kikundi cha vijana watatu wanne, na mimi mzee wao, tumeanza kutunga. Mdundo tumeuchukua kwenye chakacha, maana huo hata asiyejua kuimba mabega yake yaujua. Kibwagizo kipo tayari. Tumekwama kwenye vina vya Mbaraki: tumepata mashabiki, tumepata samaki, na mmoja wetu ang'ang'ania haki, lakini yeye kila kitu hukifanya siasa.